Maneno Ishirini na Matano

Hayazidi ishirini na matano. Ndiyo kanuni.
Fomu ni moja kwa mataifa yote,
karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu,
na sisi wanawake wa Geneva,
glavu zimekatwa ncha ili vidole vihesabu,
tunapitisha kalamu: moja, mbili, tatu,
kama nesi anayegawa vidonge.

Vita havikunijia na mizinga.
Vilinijia katika magunia ya posta.

Toka Guernsey:
"Mbuzi tumemla. Chai twapika ya majani ya miiba.
Mama mzima. Usimuulize baba."
Kumi na mawili tu. Zaidi ya nusu ameiacha wazi,
na uwazi ule ndio uliosomeka zaidi.

Toka Athene haikuja barua, ilikuja orodha:
mtaa mmoja, kipupwe kimoja,
majina yamepangwa kwa umri, la mwisho miezi minne.
Pembeni pana doa la mafuta ya zeituni.
Siku nzima nilijiuliza mafuta yale yalitoka wapi.

Surat Ullah wa Sylhet, mchochea makaa
wa meli ya mizigo iliyozama mbali na kwao,
yumo kambini kaskazini mwa Ujerumani;
beleshi lake sasa linazoa theluji.
Hakuuliza nani anashinda.
Aliuliza mchele umefika bei gani.
Jibu lilichukua miezi kumi na mmoja,
na mwandiko ulikuwa wa jirani, si wa mkewe.

Naye Hallgerður wa Reykjavík, kwa mwanawe
aliyekwama masomoni Kopenhagen:
"Kazi tele, mshahara mnono. Lami imefika mlangoni.
Nimenunua viatu vipya, redio, pazia la maua.
Baba yako ameacha kuvua samaki.
Mungu anisamehe, hatujawahi kushiba namna hii."
Ishirini na matano barabara.
Nikaigonga muhuri, nikamwonea wivu,
kisha nikaona haya: orodha ya Athene
ilikuwa bado chini ya kiwiko changu.

Na kwetu?
Mkate ni marufuku kuuzwa siku uliyookwa.
Uwanja wa mpira umelimwa viazi.
Saa nne usiku taa zote huzimwa,
ndege za wengine zipite
zikaue wengine.

Wahenga walisema wapiganapo fahali, ziumiazo ni nyasi.
Hawakumtaja ng'ombe wa zizi la tatu,
aliyesimama kwenye ua akitazama,
kengele shingoni, taya zikitafuna.

Kaka yangu Aimé alipewa bunduki
na mita mia tatu za kijito cha Foron.
Ng'ambo hii Uswisi, ng'ambo ile Ufaransa,
maji yenyewe hayafiki magotini.
Jumapili alikuja kula, hakula.
Alisema: koti la kijani. Vifungo vya kahawia, kimoja cheusi.
Alisema: miaka tisa, labda kumi. Peke yake.
Alisema amri ni amri,
kisha akarudia habari ya kile kifungo.
Mama akaondoa sahani.

Makabati yetu yana kadi kwa mamilioni, A hadi Z,
kila aliyepotea ana mstari wake.
Hayana droo ya asiye na jina.
Jumatatu nilivuta fomu tupu, nikaandika:

"Koti la kijani. Kifungo kimoja cheusi.
Miaka tisa au kumi.
Maji hayakuwa na kina. Tulikuona.
Tulikuwa na mkate, wa jana, lakini mkate.
Jina lako nani?"

Msimamizi wa zamu akapita nyuma yangu,
midomo ikihesabu, kwa mazoea.
"Hayazidi," alisema.
"Ila anwani sijaiona."